Sura ya Tano: Mbwa Mkubwa Hakuzwi kwa Haraka

Anayenunua mtoto wa German Shepherd mjini Dodoma huulizwa na majirani swali moja kabla ya mengine yote: atakuwa mkubwa lini? Swali hilo lina sababu zake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini hapa. Ile ya 2022 ikawakuta 765,179. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma kwelikweli, nyumba zimejengwa Ilazo, Kisasa, Iyumbu na Nzuguni hadi njia ya kwenda Mtumba, nyingine zikipata ukuta na geti kabla hazijapata jirani. Mwenye nyumba ya namna hiyo anahitaji mbwa wa kuogopwa usiku huu, si mwakani. Kwa hiyo mtoto wa wiki nane anajaziwa sahani, na sahani ikiisha anaongezwa, na kila mgeni anayesema "huyu ameshakuwa mkubwa!" anampa mwenye mbwa moyo wa kuendelea.

Sura hii inapinga desturi hiyo. Ukubwa wa mbwa ameurithi kwa baba na mama yake, na atakayekuwa na kilo 36 atazifikia hata ukimlisha kwa kipimo. Chakula kingi hakimwongezei kimo. Kinachofanya ni kumfikisha kwenye uzito huo mapema kuliko mifupa yake ilivyo tayari kuubeba. Anayelishwa kwa kiasi anafika baadaye kidogo, naye anafika na miguu iliyonyooka.

Najua kwa nini maneno haya hayaingii kirahisi katika nyanda hizi za kati. Hii ni nchi ya mifugo, na elimu yote ya mifugo tuliyoizoea ni ya kukuza haraka. Kuku wa nyama anatakiwa awe tayari kwa wiki tano au sita. Ng'ombe wa kunenepeshwa anawekwa zizini kwa siku 90 hivi, anapewa pumba, molasi na mashudu, kisha anapelekwa sokoni. Ni elimu nzuri kwa kazi yake. Lakini wanyama hao wana tarehe ya kuchinjwa, na miguu yao inatakiwa iwabebe mpaka siku hiyo tu. Mbwa wa ulinzi miguu yake inatakiwa imbebe miaka kumi na zaidi. Mtu anapoingia duka la dawa za mifugo na kusema, "Kaka, nipatie kitu cha kumkuza mbwa wangu," muuzaji anamjibu kwa elimu aliyonayo: "Chukua unga wa mifupa, mama, changanya na hii premiksi ya kuku, utaona mwenyewe." Wote wawili wana nia njema. Anayeumia ni mbwa.

Mfupa mrefu haukui kwa kuvutika. Karibu na kila ncha yake kuna ukanda mwembamba wa gegedu. Gegedu hilo huzaliana, na upande mmoja wa ukanda hugeuzwa kuwa mfupa mgumu siku hadi siku, mpaka siku ukanda wote unapogeuka na mbwa anaacha kurefuka. Kwa mbwa mdogo kazi hiyo inaweza kwisha kabla hajatimiza mwaka. Kwa German Shepherd, Rottweiler au Boerboel inakwenda mpaka mwaka na zaidi, na kwa mbwa wakubwa kabisa kama Great Dane inafika mwaka na nusu. Wakati wote huo gegedu ndilo sehemu dhaifu kuliko zote mguuni. Uzito ukizidi, linaminywa. Madini yakizidi au yakipungua, linashindwa kugeuka mfupa. Na kwa kuwa mtoto wa mbwa mkubwa anatoka kwenye nusu kilo siku ya kuzaliwa hadi kilo 30 au 40 ndani ya mwaka mmoja na kidogo, kosa la wiki chache linaonekana kwa macho.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Åke Hedhammar na wenzake waligawa watoto wa Great Dane makundi mawili: moja lililishwa bila kipimo, jingine likapewa takribani theluthi mbili ya kile walichokula ndugu zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974. Walioshiba bila kipimo walikua haraka zaidi, na hao ndio waliopata maradhi ya mifupa na viungo kwa wingi. Baadaye yakaja majaribio mengine yaliyofuatilia mbwa maisha yao yote. Walichukuliwa Labrador 48, wawili wawili kutoka mzao mmoja, na katika kila jozi mmoja akapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Walipofikisha miaka miwili, 16 kati ya 24 waliolishwa zaidi walikuwa na hitilafu ya nyonga, na kwa wenzao walikuwa 7 tu kati ya 24. Taarifa ya mwisho ilitoka mwaka 2002: nusu ya waliolishwa zaidi walikuwa wamekufa walipofikia umri wa miaka 11.2, na wenzao walifika miaka 13. Karibu miaka miwili ya uhai, kwa robo ya sahani.

Sasa niingie kwenye jambo linalowachanganya hata wataalamu. Mtoto wa mbwa mwenye miguu iliyopinda mjini Dodoma anaweza kuwa ametoka katika nyumba mbili zinazotofautiana kabisa, na mguu wake ukafanana. Mtazame kutoka mbele akiwa amesimama kwenye sakafu ya saruji. Vifundo vya miguu ya mbele vimenenepa kama vilivyovimba, nyayo zimegeukia nje, vidole vimetawanyika, na mkono wote kati ya kiwiko na kifundo umejikunja kama upinde. Ukikibonyeza kifundo kidogo, anauvuta mguu. Kila anayemwona anasema neno lile lile: amekosa madini, mpeni unga wa mifupa. Katika nyumba moja ushauri huo una ukweli ndani yake. Katika nyumba ya pili ndio unaomlemaza.

Nyumba ya kwanza ni ile ya dona na mapupu. Ni chakula kinachopatikana: mahindi yanasagwa mtaani, mapupu ni rahisi buchani, vinachemshwa pamoja kwenye sufuria moja, mbwa anakula na kulamba chombo. Tuhesabu. Mtoto wa kilo 10, mwenye umri wa miezi miwili na nusu hivi, anahitaji karibu kilokalori 1,200 kwa siku. Gramu 250 za unga wa dona na gramu 300 za mapupu zinafika hapo, na shibe ipo. Lakini katika siku hiyo anahitaji takribani gramu 3.5 za kalsiamu, na katika sufuria nzima hakuna hata gramu 0.1. Wakati huo huo fosforasi imezidi gramu 1, yaani zaidi ya mara 20 ya kalsiamu, ingawa mwili unataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au iizidi hadi mara mbili. Mwili hauwezi kuacha damu ikose kalsiamu, maana moyo na misuli vinaitegemea, kwa hiyo unaichota kutoka kwenye mifupa. Mifupa inakuwa myembamba, inapinda, na wakati mwingine inavunjika mbwa anaporuka ngazi mbili tu za barazani. Ukibadilisha mapupu ukaweka nyama safi ya steki, hesabu inabaki ile ile. Nyama haina kalsiamu ya maana, iwe ya bei rahisi au ya bei mbaya. Maziwa nayo hayatoshi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takribani gramu 1.2, basi zingetakiwa karibu lita tatu kwa siku, na tumbo la kitoto hicho halitazistahimili.

Hapa huwa nasikia hoja moja ya haki: mbwa wa wafugaji wa Kigogo wamekula ugali vizazi na vizazi, mbona hawakupinda? Mbwa yule wa kienyeji uzito wake ni mdogo, mara nyingi nusu ya German Shepherd au pungufu, na anaufikia taratibu, kwa hiyo mahitaji yake ya kila siku ni madogo. Tena hali ugali tu. Anashinda porini na ng'ombe, anakula panya mzima na mifupa yake, ndege, mzoga, kondo la nyuma ndama anapozaliwa. Mtoto wa mbwa mkubwa aliyefungiwa ndani ya ukuta Ilazo hana porini pa kwenda kutafuta kilichopungua.

Kuna jingine ambalo watu wa Dodoma hushangaa wakiambiwa. Jua letu, ambalo mwaka mzima ni jua kweli, linamtengenezea mtoto wa binadamu vitamini D ngozini, na ndama vilevile. Mbwa halimsaidii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walionyesha miaka ya 1990 kwamba ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza vitamini hiyo kwa kiasi kinachofaa. Mbwa lazima aile, kwenye samaki, ini, kiini cha yai au chakula kilichoongezewa. Bila vitamini D kalsiamu haipiti vizuri kutoka tumboni kwenda mwilini. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anaweza kushinda juani uani kutwa nzima na bado akapata matege.

Nyumba ya pili ina uwezo. Mfuko wa chakula cha viwandani umeletwa kutoka Dar es Salaam au Arusha, umeandikwa ni wa watoto wa mbwa, na ni chakula kamili. Mtoto wa kilo 10 akila gramu 320 za punje hizo, zenye kalsiamu asilimia 1.4, anapata gramu 4.5. Zimemtosha. Lakini mwenye mbwa anaona haitoshi, anaongeza kijiko kikubwa cha unga wa mifupa, na robo ya unga ule ni kalsiamu tupu. Kwa kijiko hicho kimoja siku imefika gramu 8. Jioni kinaongezwa cha pili, pamoja na kidonge cha madini alichopendekeza rafiki.

Mbwa mzima akipewa madini ya ziada, utumbo wake huyakataa na yakatoka na kinyesi. Mtoto aliye chini ya miezi sita hivi hana uwezo huo. Sehemu kubwa ya kalsiamu inayoingia tumboni inapita tu, atake asitake. Ilikuwa Utrecht tena, mwaka 1985, ambako Herman Hazewinkel na wenzake waliwalisha watoto wa Great Dane vyakula vya aina tatu vilivyotofautiana kwa kalsiamu: asilimia 0.55, 1.1 na 3.3. Waliopewa kidogo mifupa yao ikakosa uimara. Waliopewa nyingi gegedu lao likashindwa kugeuka mfupa kwa wakati. Mwili uliofurikwa na kalsiamu unatoa homoni za kusimamisha uchotaji wa madini mifupani, na uchotaji huo ndio unaouwezesha mfupa unaokua kujifinyanga upya kila siku. Mguu wa mbele una mifupa miwili inayotakiwa kurefuka pamoja. Mmoja wao, ule wa upande wa nyuma, unapata sehemu kubwa ya urefu wake kwenye ukanda mmoja tu, pale juu ya kifundo. Gegedu likikwama pale, mfupa huo unabaki nyuma, mwenzake unaendelea kurefuka, na kwa kuwa umefungwa naye unalazimika kujipinda. Ndiyo maana mguu wa nyumba ya pili unafanana na wa nyumba ya kwanza.

Kabla hujanunua chochote, basi, andika kwenye karatasi kila kinachoingia mdomoni mwa mbwa kwa siku, pamoja na anachotupiwa na mlinzi getini na dada jikoni. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo yote. Kama umo katika nyumba ya pili, dawa ni kuacha nyongeza zote siku hiyo hiyo na kupunguza chakula. Kama umo katika ya kwanza, dawa ni kurekebisha sufuria, na wakati mifupa inajijenga upya mbwa asirukeruke wala asipande gari, kwa sababu inaweza kuvunjika. Sindano ya kalsiamu wanayochomwa ng'ombe wenye homa ya maziwa haina kazi hapa; ikiingizwa kwenye mshipa haraka inaweza kusimamisha moyo. Na kama mguu umeshapinda kwa kuonekana, picha ya eksirei haiepukiki. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, na mguu unaowahiwa mbwa akiwa na miezi minne una nafasi ya kunyooka ambayo hauna tena akiwa na miezi kumi.

Sufuria ya nyumba ya kwanza inaweza kurekebishwa kwa kitu kilichopo Soko la Majengo kila siku: dagaa wa ziwani. Dagaa analiwa mzima, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake, gramu 100 za dagaa wakavu zina gramu 2 za kalsiamu au zaidi, zikiwa zimeambatana na fosforasi kwa uwiano unaofaa, protini nyingi, na vitamini D iliyo kwenye mafuta ya samaki. Kwa mtoto yule wa kilo 10, gramu 200 za unga na gramu 150 za dagaa, kwa siku nzima, zinafika kwenye nishati ile ile ya mwanzo na sasa kalsiamu ipo. Ongeza kijiko cha mafuta ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida hatuna shida nayo, na mboga ya majani kidogo. Ini liwe mara moja au mbili kwa wiki, kipande kidogo. Chagua dagaa wa kuliwa na watu. Wale wanaouzwa kwa ajili ya kuchanganyia chakula cha kuku huja na mchanga mwingi, na wengine wameshaota ukungu. Dagaa wa pwani waliochemshwa kwa maji ya chumvi nao waachwe. Osha, chemsha, saga au ponda, kisha changanya. Chakula hiki kinamtoa mbwa hatarini, ila hakijakamilika kwa kila kirutubisho. Zinki na madini joto vinaweza kupungua, kwa hiyo kikiwa ndicho chakula chake cha kudumu, muulize daktari wa mifugo juu ya mchanganyiko wa vitamini na madini wa mbwa, siyo wa kuku.

Kuna watu watakaokuambia protini ndiyo inayopindisha miguu, upunguze dagaa na nyama. Imani hiyo ilipimwa Uholanzi kwa watoto wa Great Dane waliolishwa protini kwa viwango tofauti, na haikuonekana kuwa chanzo cha maradhi ya mifupa. Kinacholeta shida ni nishati iliyozidi na kalsiamu isiyo na kipimo.

Juu ya unga wenyewe lazima niseme jambo zito. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua sumukuvu kutokana na mahindi: wagonjwa 68 walitambuliwa na 20 wakafariki. Baada ya hapo familia nyingi zilijifunza kuchambua mahindi, kutoa punje zilizooza na zenye ukungu. Swali ni punje hizo zinakwenda wapi. Mara nyingi jibu ni "za mbwa". Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumukuvu. Huko Machakos, Kenya, mwaka 1981, mbwa walianza kufa kabla ya watu walioshiriki nao mahindi yale yale. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Kwa kiasi kidogo haimuui mbwa papo hapo, inamharibu ini na kumdumaza, na mwenye mbwa akiona hakui anamwongezea chakula kile kile. Mahindi usiyoweza kumlisha mwanao usimlishe mbwa. Mashudu ya karanga nayo yana hatari hiyo hiyo. Unga wa uwele, kwa nyumba zinazoulima, mara nyingi ni salama zaidi, ukiwa umekauka vizuri na kuhifadhiwa pakavu.

Kwa nyumba ya pili maelekezo ni mafupi. Nunua chakula kilichoandikwa kwamba kinafaa kwa ukuaji wa mbwa wakubwa, wale wanaofikia kilo 32 na kuendelea. Viwango vya Marekani vinataka chakula cha namna hiyo kisizidi kalsiamu asilimia 1.8 ya uzito mkavu, na kisipungue 1.2. Kisha usiongeze kitu.

Kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko ni mwanzo tu, na mara nyingi ni kikubwa. Kuna tabia ya ukuaji ambayo watu wengi hawaitarajii: mtoto wa kilo 10 anahitaji kilokalori 1,200, na akifika kilo 20, kwenye miezi mitano hivi, anahitaji 1,300 au 1,400. Uzito umekuwa mara mbili, chakula kimeongezeka kidogo sana. Anayeongeza sahani kwa kadiri mbwa anavyoongezeka anampa karibu mara mbili ya haki yake katika miezi ile ile ambayo mifupa iko hatarini zaidi. Mgawie mara tatu au nne kwa siku mpaka miezi minne, mara tatu mpaka sita, baadaye mara mbili. Chombo kikae chini dakika 15 hadi 20, kisha kiondolewe hata kama kuna kilichobaki.

Kipimo cha kweli ni mbwa mwenyewe. Mpime kila wiki, siku moja isiyobadilika. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Akishashindikana kubebwa, mizani ya gunia kwenye mashine ya kusaga inatosha, na wenye mashine nyingi hawana neno. German Shepherd wa kati ya miezi miwili na mitano huongeza kama kilo 1 kwa wiki. Akiongeza kilo 2 wiki mbili mfululizo, punguza chakula kwa sehemu ya kumi na uendelee kupima. Asipoongeza kabisa, tafuta minyoo kwanza. Watoto wengi huipata tangu tumboni mwa mama, na dawa huanza wakiwa na wiki mbili, ikirudiwa kila wiki mbili mpaka wafike miezi mitatu.

Mizani pekee haitoshi, kwa sababu haisemi ni mfupa au ni mafuta. Tumia mikono. Pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Kunja ngumi na upapase vifundo vyake: mbavu zikigusika hivyo, amekonda. Fungua kiganja, pindua mkono, upapase mifupa ya mgongo wa kiganja: hivyo ndivyo mbavu za mtoto wa mbwa mkubwa zinavyotakiwa kugusika. Ukilazimika kubonyeza ili uzipate, amezidi. Akitazamwa kutoka juu awe na kiuno, na kutoka ubavuni tumbo lake lipande kuelekea nyuma. Wageni watasema amekonda na unamnyima. Hapo ndipo wenye mbwa wengi wanaposhindwa, kwa kuwa katika jamii yetu mnyama aliyekonda ni aibu ya mwenye nyumba. Wajibu kwa heshima, na sahani usiiguse.

Mahali anapokulia napo panahusika. Uchunguzi uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2012, kwa mbwa wa aina nne kubwa, ulionyesha kwamba watoto waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya kufikisha miezi mitatu walipata hitilafu ya nyonga zaidi, na waliocheza huru nje kwenye ardhi laini walipata pungufu. Udongo wetu wa kichanga unafaa mno kwa kazi hiyo. Vigae vya sebuleni havifai, miguu inateleza na nyonga zinavutwa. Kumfunga mnyororo kutwa nzima kwenye sakafu ya banda kunamnyima misuli inayoshika viungo. Mwache akimbie mwenyewe uani asubuhi na jioni, apumzike akitaka. Kumkimbiza barabarani na pikipiki ili awe mkali kusubiri mpaka mwaka na nusu.

Kuhasi pia kusubiri. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichunguza German Shepherd zaidi ya 1,000 na kuchapisha mwaka 2016: katika madume wasiohasiwa, asilimia 7 walipata maradhi ya viungo, waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 21.

Kati ya miezi mitano na mwaka na nusu German Shepherd wengi, hasa madume, huchechemea mguu mmoja wiki hii na mwingine wiki ijayo. Maumivu hayo yako ndani ya mfupa wenyewe, hupita yenyewe, na daktari anaweza kuyatuliza. Usiyatibu kwa vidonge vya kutuliza maumivu vya binadamu, vinaua mbwa. Lakini akichechemea mguu ule ule zaidi ya wiki mbili, akikimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, au vifundo vikiwa vya moto na ana homa, hilo ni jingine na halingoji.

Linabaki suala la chotara, maana wengi wanaouzwa Dodoma kwa jina la German Shepherd wana mama wa kienyeji, na muuzaji hasemi. Mwone mama kama unaweza, umpime. Usipoweza, mlee kama mbwa mkubwa mpaka atimize miezi mitano, kisha zidisha uzito wake mara mbili. Mwenye kilo 10 wakati huo atakomea karibu na 20, na huyo unaweza kumhamishia chakula cha mbwa wazima akikaribia mwaka. Mwenye kilo 18 anaelekea 36, naye aendelee na kipimo cha sura hii, mizani kila wiki na unga wa mifupa ukae dukani, mpaka atimize miezi 15 au 18.